Miguu ya Kuazima

Tarehe 3 Machi

Mdogo wangu mpendwa,

Nakusalimu sana, nikiamini kifua kimetulia na kazi inakwenda. Sisi huku hatujambo. Mama presha yake inapanda na kushuka kama kawaida, ila mdomo wake mzima kabisa, na anasema uache kula kama ndege.

Barua hii nimempa dereva wa lori la magodoro anayeleta sponji huko karakana kwenu, maana simu umeamua hupokei. Nimechoka kuzungumza na mlio. Kwa hiyo tuandikiane kama mababu zetu, sawa.

Habari yenyewe ni ya furaha. Wodi yetu ya watoto njiti inatimiza miaka thelathini mwezi ujao. Wewe ndiye mtoto wa kwanza aliyetoka wodini hai akiwa amezaliwa na uzito usiofika kilo. Hilo hapa kila mtu analijua, na asiyelijua Mama humwambia kabla hajaketi. Daktari Mkuu na Matroni wamekubaliana kwamba msemaji wa siku hiyo uwe wewe, na mgeni rasmi akae karibu yako wapige picha.

Hotuba usihangaike, Matroni ameshaiandika, ni fupi. Inaanza hivi: "Mimi niliyekuwa mdogo kama chupa ya soda, leo mnaniona mzima wa afya, sina tofauti na mtu yeyote." Ishike kichwani, usiongeze neno. Habari za mapafu na presha tuziache nyumbani, siku ya furaha si ya kuhesabiana magonjwa. Na kama una miwani ya vioo vyembamba kidogo, vaa hiyo.

Unajua pia desturi yetu: mtoto akifikisha uzito wa kwenda nyumbani tunagonga vijiko kwenye mabakuli, tunaimba, tunamvika kakofia ka karatasi, amehitimu. Siku hiyo Daktari Mkuu atakuvika wewe. Wameshaitengeneza ya saizi yako.

Mdogo wangu, hawa akina mama wanakuhitaji. Tuna mmoja sasa hivi, tulimruhusu na mwanawe zaidi ya miaka miwili iliyopita, anarudirudi. Mtoto hajasimama bado, anakaza miguu mpaka inapishana kama mkasi. Matroni amemtuliza vizuri, akaondoka na moyo mweupe. Ila angekuona wewe kwa macho yake, ingekuwa dawa.

Nimeambatisha kadi ya mwaliko. Imetoka nzuri.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Dada Muuguzi

*

Tarehe 11 Machi

Dada,

Shikamoo. Watu hupenda kuandika "mimi mzima, hofu ni kwako". Mimi si mzima sana, na hofu sina. Nina kinyaa.

Barua yako ilifika imelala kati ya magodoro mawili, nikaisoma nikiwa nimechuchumaa mbele ya kochi la mteja ambalo nilikuwa nimelivua kitambaa. Wewe hujui kazi hii, ngoja nikuambie. Juu ya kochi kuna maua ya kudariziwa na vishada vya dhahabu. Ukipasua chini unakuta kucha, nywele, mende waliokauka, pipi iliyonyonywa nusu, na siku moja jino la bandia. Mwenye nyumba akija kulichukua anasema, "Fundi, badilisha kitambaa tu, ndani pako safi." Hotuba ya Matroni imeandikwa na mtu wa namna hiyo.

"Sina tofauti na mtu yeyote." Nani kasema? Jicho la kushoto linaona ukungu. Presha yangu ni ya mzee wa kustaafu. Mwezi uliopita nilipelekwa kupuliza kile kifaa cha kupima mapafu, daktari akatazama karatasi, akanitazama mimi, akauliza, "Unavuta sigara tangu lini?" Nikamwambia sijawahi kuishika. Akacheka kile kicheko cha mtu anayekujua mwongo. "Dada, hapa si polisi, sema tu." Akanipa dawa ya pumu, ile ile niliyopewa na watatu waliomtangulia, na ambayo hainisaidii chochote. Hakuna hata mmoja aliyeuliza nilizaliwaje. Nikisema mwenyewe, wanatikisa kichwa, "Hayo ni mambo ya watoto, wewe mtu mzima." Kumbe mapafu ya njiti yakifika utu uzima hubadilishwa usingizini, hatuambiwi.

Na simu sipokei kwa sababu yako. Ukinipigia husikilizi ninachosema, unasikiliza ninavyopumua. Nasema habari ya mvua, nawe unanikatiza, "Umepanda ngazi?" Katika barua napumua nipendavyo.

Kofia ya karatasi ya saizi yangu! Dada, nina miaka thelathini.

Sasa tuje kwenye kadi. Mbele kuna picha ya msichana wa miaka saba hivi anaruka kamba, miguu yote miwili hewani, kacheka mpaka mwisho. Chini yake: "Alizaliwa na uzito usiofika kilo. Mtazame leo." Na pembeni, kwa herufi ndogo: "Picha ya ukutani, wodi ya njiti."

Nimemtazama kwa jicho langu zima, nikamsogeza dirishani, nikamtazama tena. Gauni lile lenye kola ya duara Mama alikushonea wewe, mimi nililirithi likiwa halina kola. Na mimi sijawahi kuruka kamba maishani. Kamba ndiyo iliyokuwa ikiniruka mimi.

Yule ni wewe, Dada. Hiyo miguu ni yako.

Imetundikwa huko tangu lini? Na wewe unapita chini yake kila siku ukienda kuwapima watoto wa watu, unajiangalia, unanyamaza?

Jibu hilo kwanza. Ya hotuba baadaye.

Njiti, kama mnavyopenda kuniita

*

Tarehe 19 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma kwenye chumba cha kubadilishia nguo.

Umekasirika, na hasira ni haki yako. Ila usinifanye mwizi. Mimi sikuipeleka picha ile. Wodi ilipoomba picha yako ulikuwa na miaka saba, na mimi nilikuwa binti wa shule ninayejifulia uniformu. Mama alifungua albamu. Zako zilikuwa chache, na katika zote una miwani iliyofungwa kwa kamba ya kiatu na kile chuma mguuni. Akafunga albamu, akalia. Kisha akaifungua tena akatoa yangu. Sisi tunafanana, hakuna aliyeuliza. Mimi nilipokuja kuajiriwa wodini niliikuta ukutani, imeshawekewa fremu, imeshazoeleka. Ningefanyaje? Nimwambie Matroni kwamba mama yangu mzazi ni mwongo?

Na uongo gani hasa? Ulizaliwa njiti, kweli. Uko hai, kweli. Picha ni picha. Usione vyaelea, vimeundwa. Hujawahi kusimama pale wodini ukamwona mwanamke ametoka kujifungua, maziwa hayatoki, mtoto yuko kwenye kisanduku cha kioo na ngozi yake inaonyesha mishipa yote, na wifi yake ameshamwambia asimpe jina. Mwanamke huyo anainua macho, anaiona picha. Nimewaona wakifuta machozi, mdogo wangu. Nimewaona wakianza kula.

Hata yule mama niliyekuandikia habari zake. Alikuja na mwanawe analia kwamba hatembei, na kwao wameanza kumnong'ona kuwa alimdondosha akaficha. Matroni alimshika mkono, akampeleka hadi kwenye picha, akamwambia, "Huyu naye alichelewa, na mtazame. Watoto njiti wana saa zao. Wewe subiri tu." Akaondoka anatabasamu. Mimi nilikuwepo. Sasa niambie, hapo nani kaumia?

Mama hajui kama umegundua. Presha yake unaijua. Nakuomba jikaze kisabuni, uje, useme yale machache, ule, uondoke. Mchuma janga hula na wa kwao. Ukilichuma hili tutalila wote.

Dada yako

*

Tarehe 27 Machi

Nani kaumia? Mtoto kaumia.

Umeliuliza swali hilo kwa kalamu yako, wewe mtu mwenye cheti cha uuguzi. Nimeisoma barua yako mara ya pili nikidhani nimekosea, kisha nikatoka nje nikatema mate, kweli, kama mtu aliyeng'ata sabuni.

Nikukumbushe, maana naona kuta za wodi zimekusahaulisha. Meza yetu ya chakulani, ile yenye mguu mmoja uliokatwa ukawekewa tofali. Blanketi limekunjwa juu yake. Mimi chali. Wewe umenishika kisigino na mkono mwingine juu ya goti, unaunyoosha mguu mpaka naona nyota, unahesabu, unauachia, unashika tena. Kila asubuhi kabla hujaenda shule na kila jioni kabla hatujala. Nilikuwa nakuita mbuzi, fisi, shetani. Nilikung'ata bega. Mama alikuwa anaenda kusimama uani aweke vidole masikioni, na wewe uliendelea, kwa sababu yule mtaalamu wa viungo mwenye ndevu alisema: sasa hivi, akiwa mdogo, mishipa ikishakaza itakuwa fimbo kavu.

Nilitembea nikiwa na miaka minne, nikiwa nimevaa viatu vya chuma, na mpaka leo naburuta wa kulia nikichoka. Lakini nilitembea. Sikutembea kwa kusubiri, Dada. Nilitembea kwa sababu mlinitesa. Na anayelijua hilo kuliko mtu yeyote duniani ni wewe, maana mikono ilikuwa yako.

Halafu mikono hiyo hiyo inakunjwa kifuani, inasikiliza mwanamke anaambiwa "subiri tu", anaonyeshwa miguu yako wewe uliyezaliwa umenona kama boga, na unaniandikia kwamba aliondoka anatabasamu! Atatabasamu mpaka lini? Kila siku anayosubiri, ile miguu inakaza. Na kwao wanaendelea kumnong'ona. Mmempokonya mtoto wake muda, mkampa picha.

Sitaki kusikia habari ya Mama na presha yake. Mama ananionea haya, nimelijua hilo tangu zamani, tulikuwa tunaishi nalo kama mtu anavyoishi na paa linalovuja. Wakija wageni ananisimulia, "nilimbeba kiganjani," na mimi naambiwa nibaki chumbani nisije nikatembea mbele yao. Anaupenda muujiza. Mwenye muujiza mwenyewe hataki kumtazama. Wazee walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, na miguu je?

Nitakuja kwa masharti mawili. Picha ile iondoke. Na yule mama umtafute, umwambie kwa kinywa chako mtoto apelekwe mazoezini mara moja. Yasipotimia, Matroni aivae kofia yeye.

Mdogo wako

*

Tarehe 4 Aprili

Mdogo wangu,

Umenitukana, nimemeza.

Nimeongea na Matroni kuhusu picha. Amekubali, haitakuwepo ukutani siku hiyo. Yule mama sijui anakaa mtaa gani, ila wamama wote wa zamani wamealikwa na yeye naamini atakuja, nitamwambia papo hapo.

Mama amekushonea gauni. Njoo, tafadhali.

Dada

*

Tarehe 22 Aprili

Dada,

Nimefika salama. Sikuaga kwa sababu ningefungua mdomo ningetapika, na gauni lilikuwa la Mama.

Haikuwepo ukutani! Nakupongeza, hukusema uongo. Mliishusha ukutani mkaichapa kwenye kitambaa kikubwa kama pazia la ukumbi, mkakitundika nyuma ya jukwaa. Nilipopanda, magoti yako yalikuwa juu ya kichwa changu, kila moja kubwa kama sufuria. Mimi chini yake na miwani yangu ya vioo vinene, nimeivaa kwa makusudi, naburuta mguu kwenye zulia jekundu. Watu mia kadhaa wana macho, na hakuna mmoja aliyeona kitu. Ndipo nikajua kwamba mtu akishaambiwa cha kuona, amekwisha.

Hotuba ya Matroni sikuishika kichwani. Nilikuwa na yangu, sentensi chache: Yule pichani si mimi, mimi ndiye huyu, na mtoto wako asipotembea usisubiri. Nilikuwa nimeifanyia mazoezi karakana nzima ikinicheka. Lakini zile ngazi za jukwaa, na jua, na lile hema la plastiki linalonuka kama bomba jipya. Nikasema "Yule pichani", pumzi ikakata. Nikajaribu tena, "Yule", ikakata. Nimesimama na kipaza sauti, kifua kinapanda na kushuka, machozi yananitoka kwa kukosa hewa.

Unajua kilichofuata, ulikuwepo. Mshereheshaji akadaka kipaza sauti: "Jamani, amezidiwa na furaha!" Na vijiko vikaanza, kwa-kwa-kwa, na wimbo. Mama anapiga vigelegele. Mgeni rasmi akanikumbatia, uso mzima kwenye shingo yake iliyomwagiwa manukato, kidogo kilichobaki cha hewa kikaisha. Daktari Mkuu akanivika kofia. Ina mpira wa kupita chini ya kidevu, Dada. Alinivutia mpira kidevuni kama anavyomvalisha mtoto, akanipigapiga shavu. Nilikuwa nakufa mbele za watu na watu wakawa wananipigia makofi.

Sijawahi kuona kitu kichafu kama kile, na mimi nafungua makochi ya watu.

Nilishuka nikaenda nyuma ya hema, kwenye viti vya plastiki vilivyopangwa mnara. Nikaivua ile kofia nikaikalia. Akaja mwanamke amebeba mtoto aliyekwisha kupita umri wa kubebwa, miguu ya mtoto imekaza imepishana mbele ya tumbo la mama yake. Nilimjua kabla hajafungua mdomo. Hukuwa umemwambia kitu. Ulikuwa unagawa soda.

Akaniuliza, "Samahani dada, wewe ulianza kutembea lini?"

Nilikuwa bado natafuta pumzi. Akangoja. Siku nzima ile, yeye ndiye mtu pekee aliyeningojea nimalize. Hakunipepea, hakuita watu, alimhamishia mtoto bega la pili akangoja.

Nikamwambia. Miaka minne, viatu vya chuma, meza, kisigino, goti, kila asubuhi na kila jioni. Akasema, "Lakini pale unaruka kamba." Nikamwambia, "Pale si mimi." "Ni nani?" Nikamwonyesha. "Ni yule muuguzi aliyebeba trei."

Aliishika ile miguu iliyopishana. Kisha akasema taratibu, kama anayejisemea, "Nimekuwa nikimwamsha kila asubuhi namwangalia kama leo ndiyo saa yake imefika." Akaondoka akielekea kwako. Mimi nikaelekea stendi.

Sijui alikufanya nini. Natumaini alikupasulia trei kichwani. Niandikie, na ole wako upake rangi.

Fundi wa makochi

*

Tarehe 6 Mei

Mdogo wangu,

Sitapaka rangi.

Kwanza ile picha. Niliogopa kumwambia Matroni ukweli. Nilimwambia imepauka, si nzuri kubaki ukutani siku ya wageni. Akasema nimefanya vizuri kumkumbusha, akaagiza ichapwe upya, kubwa, kwenye kitambaa. Niliiona asubuhi ile wakiitundika. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nikaenda kupanga soda.

Yule mama alinijia nikiwa katikati ya meza ya wageni. Mama yetu yuko pale, Matroni yuko pale, mgeni rasmi anakata keki. Akanyoosha kidole juu kwenye kitambaa. "Huyu ni wewe?"

Nikasema, "Ni mimi."

"Na wewe ulizaliwa wa miezi mingapi?"

"Tisa."

Hakupiga kelele. Ningefurahi angepiga kelele, ningejua la kufanya na mtu anayepiga kelele, kazini tunafundishwa. Alinitazama tu jinsi mtu anavyotazama chakula alichokwisha kukimeza nusu ndipo akaona kilichomo. Nimetazamwa na wagonjwa wa kila namna, sijawahi kutazamwa hivyo. Kisha akaniwekea mwanawe mikononi. Trei ilianguka, soda zikaenda mpaka kwenye viatu vya mgeni rasmi. Akasema, "Basi nionyeshe alivyofanywa yule mwingine."

Matroni akasema, "Mama, siyo hapa." Yule mama hakugeuka hata.

Nikasogeza keki. Nikakunja kitambaa cha meza. Nikamlaza mtoto chali, nikashika kisigino, mkono mwingine juu ya goti. Mikono inajua, haikuhitaji kuulizwa. Mtoto alipiga ukelele mmoja ambao ulizima muziki. Watu wakasimama na sahani zao. Mama yetu akaweka vidole masikioni, vile vile kama uani kwetu, nami nikamwona, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikamchukia kwa muda wa pumzi moja. Kisha nikaendelea kuhesabu.

Kile kitambaa chenye picha kimeshushwa. Matroni haniongeleshi, ananitumia maagizo kwa watu wengine wakati nimesimama mbele yake. Ameniuliza kwa maandishi ni nani aliyeniruhusu kuaibisha wodi, na nimemjibu kwa maandishi kwamba wodi ilikuwa imeshaaibika, ilikuwa haijatazamwa tu. Sijui yataishia wapi. Mama anasema nimemvua nguo hadharani. Nimemwambia wewe ndiye uliyevuliwa miguu. Tangu hapo kila mtu anapakua chakula chake mwenyewe.

Jambo lako. Siku ile ya jukwaa watu waliona machozi, mimi nilisikia kifua, na nilijua haikuwa furaha. Nilisimama na soda zangu nikijua. Nimekwenda kwa daktari wa mapafu wa hospitali kubwa, si wa kwetu, nikamweleza ulivyozaliwa, muda uliokaa kwenye mashine na hewa uliyosukumiwa. Aliuliza kwa nini hakuna daktari aliyeyafuatilia haya kwa miaka yote hiyo. Anasema mapafu hayo hayakuwahi kukua yakatimia, na dawa ya pumu peke yake haiyatoshi. Anataka akuone, na anasema gundi na vumbi la sponji uanze kuviweka mbali tangu sasa. Njoo au usije, ila safari hii sitaandika hotuba.

Sasa mtoto. Mtaalamu wa viungo amempima. Nilikuwa nimesimama karibu na mlango, nilitaka kutoka, yule mama akaniambia, "Baki, usikie." Amesema mtoto angeletwa kwake walipokuja wodini mara ya kwanza, ingekuwa habari nyingine. Sasa mshipa wa kisigino umeshafupika, pengine atapasuliwa ili urefushwe. Atasimama, ndiyo. Kutembea, labda kwa magongo. Kuruka kamba asahau. Alipotamka maneno hayo ya kamba hakujua anaongea na nani. Nilishika ukuta, na ukuta wenyewe ulikuwa na alama nyeupe ya fremu iliyoondolewa, ya picha ya mtu mwingine, kila chumba cha hospitali kina picha yake.

Yule mama hajanisamehe, wala hajasema atanisamehe. Hanisalimii. Anakuja kila asubuhi kabla sijaingia zamu, kwenye stoo ya mashuka, ambako kuna meza ndefu ya kukunjia. Anamlaza, anasogea pembeni, anakaa juu ya gunia la nguo chafu na anaangalia mikono yangu. Nikilegeza kidogo kwa huruma anasema, "Hapana. Kama yule."

Mtoto ananichukia. Akisikia sauti yangu kwenye ukumbi anaanza kulia. Leo alikusanya mate kinywani, akangoja niiname, akanitemea usoni, yote, mpaka kwenye jicho. Nilimtazama mama yake, nikidhani atamkanya.

"Mwache," akasema. "Ana haki."

Nikajifuta kwa mkono wa sare, nikashika mguu wa pili.

Dada yako